Zamu Mbili za Watani

Mdoe hakuhitaji saa. Alfajiri alitoka na fimbo yake, akiuburuta mguu wa kushoto, akapita katikati ya nyumba za kambi akisikiliza vikohozi. Aliyekohoa kisha akasukutua, huyo anakwenda korona, kwenye mashine ya katani. Aliyekohoa kisha akanyamaza, huyo anajifunika tena. Mlango wa namna hiyo Mdoe aliugonga kwa fimbo kwanza, kisha kwa maneno.

“Mwenye nyumba! Korona inakuulizia hali.”

“Iambie sijambo, naumwa.”

“Hujambo au unaumwa? Chagua moja niipelekee.”

Ndani mke wa mtu alicheka, na mtu mwenyewe akatoka akifunga shuka kiunoni, macho yamevimba, akimtukana Mdoe kwa sauti ya chini. Mdoe alikwisha fika mlango wa pili.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ile bei ya katani ilipopanda hata wenye mashamba wakakosa usingizi. Shamba la Kwasengeo, ng'ambo ya Ngombezi, lilijaa mkonge mpaka jicho linachoka. Tatizo halikuwa mkonge. Tatizo lilikuwa kipande. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake ya siku thelathini. Siku aliyofanya kazi karani aliipiga alama, na alama zikijaa ndipo mtu alipwe. Siku gani afanye kazi na siku gani alale, au ashuke Korogwe sokoni, au apalilie mihogo yake, hilo lilikuwa shauri lake mwenyewe.

Kwa wakata mkonge haikuwa neno. Leo asipokata yeye, mkonge unamngoja. Korona haikungoja. Lilikuwa jumba refu la mabati, na ndani yake mashine iliyopokea majani kwa mdomo mmoja na kuyatema upande wa pili yakiwa nyuzi mbichi, huku maji ya kijani yenye kuwasha yakimwagika mtaroni. Mbele ya mdomo ule palikuwa na meza, na mezani watu wanane: wa kufungua matita, wa kuyasogeza majani, wa kuyanyoosha, na wa mwisho, mlishaji, wa kuyakabidhi kwenye minyororo inayobana na kuvuta. Wakipungua wawili, waliobaki hukimbia. Na mtu anayekimbia mbele ya mdomo ule, ipo siku ataupa kitu. Eliasi, mlishaji mmoja wa zamani, aliupa mkono wake wa kulia. Siku ile Mdoe alikuwa amesimama karibu naye, na tangu hapo hakuwahi kula nyama ya kuchemsha.

Kwa hiyo kazi ya Mdoe, mnyapara wa korona, ilikuwa moja tu: king'ora kikilia, meza iwe imejaa, na ijae watu wanaoijua.

Miaka mingi alikuwa na desturi yake ya kupanga zamu. Alichanganya. Mzigua hapa, Mnyamwezi pale, katikati Mbena, na pembeni Mshambaa aliyeshuka milimani kutafuta fedha ya kodi. Misiba, harusi na ngoma huja kwa kabila. Kabila moja likiondoka, meza inapungua lakini haiwi tupu. Hakuna aliyemfundisha. Aliona tu.

Kisha akaja meneja mpya, Mgiriki mfupi mwenye filimbi shingoni, na kabla ya wiki kwisha kambi nzima ikamwita Bwana Filimbi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka.

“Wewe changanya-changanya nini?” alimwuliza Mdoe. “Hii hapana pilau. Asubuhi, Wanyamwezi tupu. Mchana, Wazigua tupu. Mimi sikia wao tukanana kila siku. Sasa tukanana kwa kazi. Mashindano!”

Mdoe alifungua kinywa. Kulikuwa na kitu alichotaka kusema, lakini kitu chenyewe hakikumjia, akasema, “Ndiyo, Bwana.”

Na mashindano yakanoga, hilo lazima lisemwe. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya miguu. Mmoja anaweza kumtukania mwenziwe baba yake, akamchukulia kuku bandani, na hakuna kesi. Zamu ya asubuhi ilipotoka ikakutana mlangoni na zamu ya mchana, mabati ya korona yalitetemeka kwa kelele.

“Haya, wala mizizi wa Handeni!” Wanyamwezi waliita. “Ingieni mlambe tulichobakiza!”

“Ondokeni, wapagazi! Nendeni mkatafute mizigo, vichwa visije vikasahau kazi yake!”

Nyuzi ziliongezeka. Bwana Filimbi alipiga filimbi yake kwa furaha tu, pasipo sababu. Mdoe, mwenyewe Mzigua wa Handeni, alijikuta akitembea kwa kifua mbele siku ambazo zamu ya mchana ilishinda. Kile kitu alichotaka kusema kikalala usingizi mzito.

Kiliamka siku Matayo alipokufa.

Matayo alikuwa mlishaji wa zamu ya asubuhi, Mnyamwezi wa makamo mwenye viganja vipana kama makafi. Ndiye aliyemfundisha Mdoe kuulisha mdomo ule bila kuutazama kwa hofu. Na miaka ile troli la mkonge lilipoacha reli likamponda Mdoe mguu, Matayo ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, akipiga kelele njia nzima: “Nipisheni! Leo Mnyamwezi kapata mzigo wa maana! Mzigua mzima, na njaa yake!” Mdoe alicheka huku akilia. Sasa kifua kilikuwa kimemsumbua Matayo tangu masika, na alfajiri ile, kabla Mdoe hajafika mlangoni kwake, kilio kilimtangulia.

Aliisikia sauti ya Grasiana, mke wa Matayo. Akasimama. Alitaka kuingia, lakini nyumba zote za Wanyamwezi zilikuwa zinafunguka kwa pamoja, watu wakitoka mbio, na wote hao walikuwa zamu ya asubuhi. Mguu wake ukamgeuza wenyewe kuelekea korona.

Bwana Filimbi alikuwa amekwisha kusimama kwenye reli. Nyuma yake matroli yaliyojaa majani ya jana yalijipanga mpaka kwenye kona, na mengine yalikuwa yanakuja kutoka shambani.

“Amekufa nani?”

“Matayo, Bwana. Mlishaji. Zamu ya asubuhi wote ni ndugu zake.”

Mgiriki alivua kofia. Alimjua Matayo. Kisha akaivaa tena.

“Pole. Asubuhi mimi samehe. Lakini hii majani ya jana. Kesho nyuzi njano, nani nunua? Saa nane mashine lia. Mchana iko Wazigua. Kweli?”

“Kweli, Bwana.”

“Kama hapana lia, wewe kesho chukua panga, kata mkonge kama wengine. Na nyumba ya mnyapara toa. Stefano ingia.”

Stefano, karani, aliyekuwa amesimama pale na wino wake, alitazama chini. Mdoe naye aliutazama mguu wake. Mkata mkonge hutembea mistari tangu giza la alfajiri, akiinama, akibeba matita mpaka relini. Kwa mguu ule asingemaliza mstari mmoja. Na bila kazi hakuna nyumba, na bila nyumba yeye na Mwatumu, mkewe, wangerudi Handeni, ambako mvua ilikuwa imekataa mwaka wa pili.

Hata hivyo hakuogopa sana. Wazigua wake walikuwapo. Alirudi kambini akijituliza, na kwenye kisima akamkuta Mntambo, kinara wa zamu ya mchana, amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, kajipaka majivu usoni, jembe begani. Nyuma yake walikuja Wazigua wengine, huyu na sepetu, yule na ungo kichwani kama kofia ya Mzungu.

“Mntambo, jembe la nini saa hizi?”

Mntambo alimkazia macho. “La nini? Mtani wetu kafa, wewe unauliza jembe la nini? Una homa?”

Hapo ndipo kile kitu kilipopata jina.

Utani una pande mbili. Upande mmoja ni matusi na kuku. Upande wa pili ni kaburi. Anayefiwa hashiki jembe. Mtani ndiye anayechimba, ndiye anayeteka maji, anapika, anawatania wafiwa mpaka watabasamu katikati ya machozi, wala haondoki mpaka jua lishuke. Mtani asiyefanya hivyo, siku yake atazikwa kama mbwa. Kwa hiyo kifo kimoja cha Mnyamwezi kilikuwa kimezifuta zamu zote mbili: hii ikalie, hii ikachimbe. Na aliyezipanga hivyo si Mgiriki peke yake. Mgiriki hakujua utani ni nini. Mdoe alijua tangu tumboni kwa mama yake.

“Mntambo, ndugu yangu, nipe watu wanane tu kwa ajili ya saa nane.”

“Nikutolee wapi? Nimwambie nani aache jembe? Anza na wewe, mbona huna hata kijiti?” Akamwangalia vizuri zaidi, akapunguza sauti. “Kuna nini?”

Mdoe alimweleza. Mntambo alishusha jembe, akafikiri kweli, kisha akatikisa kichwa. “Mdoe, siwezi. Hata ungekuwa baba yangu.”

Mdoe akaenda kambi ya Wabena. Aliwakuta wakata mkonge wamemaliza kazi yao ya siku, wamejinyoosha kivulini, mikono imejaa mikwaruzo ya miba.

“Kipande changu cha leo kimepigwa, mzee,” mmoja alimjibu bila kufungua macho. “Nikifanya mara mbili, karani atanipigia mara mbili?”

Hakuna karani aliyepiga mara mbili. Ndiyo ilikuwa sheria. Mdoe alituma salamu Kilole kwa vijana wa vibarua. Jibu likaja kwamba ni siku ya gulio, vijana wote wamekwenda kubeba magunia. Jua lilikuwa linapanda. Nyuma ya korona harufu ya majani yaliyoanza kuvunda ilikuwa imekwisha kuchacha kama togwa la juzi.

Stefano alimfuata, akatembea pembeni yake, akasema, “Wapo wanawake wa uanikaji.”

“Hawajawahi kulisha.”

“Wana mikono, mzee. Mimi sitaki hiyo nyumba yako. Nakwambia tu walipo watu.”

Mdoe alikwenda. Nani angemlaumu? Aliwachukua wanawake wanane kutoka kwenye nyaya za kuanikia katani, akawasimamisha mezani, akamwomba fundi aizungushe mashine polepole. Mahali pa mlishaji alimweka Kudra, msichana wa Kerenge mwenye akili nyepesi, aliyemjua tangu mdogo.

“Majani unayapeleka yenyewe, mikono yako inabaki huku,” alimwambia. “Usiyafuate. Likipinda, liache liende.”

“Ndiyo, baba.”

Alilisha tita la kwanza vizuri, na la pili, na mashine ikaongezwa mwendo. Kwenye tita la tatu jani moja lilipinda. Kudra, mtu wa kazi safi, aliyezoea nyuzi zilizonyooka kwenye waya, akanyoosha mkono kulirekebisha. Mnyororo ukaudaka ukingo wa kanga yake. Mdoe hakukumbuka baadaye alivyoivuka meza kwa mguu ule. Alijikuta ameikamata kanga kwa mikono yote miwili, ikachanika vipande, nusu ikaenda na mashine na kutokea upande wa pili imekuwa nyuzi, nyekundu na nyeupe.

“Zima!” alipiga kelele. “Zima! Zima!”

Kudra alisimama akiutazama mkono wake mzima. “Nilitaka kulinyoosha tu, baba,” alisema.

“Nendeni. Rudini kwenye nyaya.” Mdoe aliinama akashika magoti. “Nyumba achukue anayetaka.”

Kwa hiyo alipokwenda mazikoni alikwenda kama mtu aliyekwisha kushindwa. Makaburi yalikuwa kwenye kilima kidogo nyuma ya kambi. Mwili wa Matayo ulikuwa umekwisha kuletwa, katekista amesimama na msalaba wa miti, na Wanyamwezi wote wamezunguka, lakini maziko yalikuwa yamekwama kama ilivyo ada: Mntambo alikuwa amelala ndani ya kaburi, mikono kichwani, akikoroma kwa makusudi.

“Toka, mla mizizi,” alisema Laurenti, mdogo wake marehemu, macho mekundu. “Ndugu yangu anataka kulala.”

“Kitanda hiki nimekichimba mimi. Nipeni jogoo ndipo nihame.”

Watu walicheka, kicheko kile cha pua iliyojaa machozi. Laurenti mwenyewe alikuwa anaashiria jogoo aletwe. Kwa maana mtani akidai kaburini, hapingwi. Atapewa, hata kama ni kidogo, ndipo maiti ishushwe.

Mdoe aliyasikia hayo yote kama mtu asiyekuwapo. Kisha akayasikia tena.

Aliachia fimbo. Akasogea mpaka ukingoni, akakaa, akaushusha kwanza mguu mbovu.

“Mntambo, toka. Zamu yako imekwisha.”

“Namngoja jogoo wangu!”

“Toka, nakwambia.”

Mntambo aliuona uso wake, akatoka. Mdoe akabaki peke yake ndani ya udongo mwekundu, kichwa kikichungulia juu, na mbele yake miguu ya watu wote aliowagongea milango kila alfajiri.

“Mimi sitaki jogoo,” alisema. “Nataka watu wanane wa zamu ya asubuhi. Udongo ukishamfunika mtani wangu, waende korona, wafanye zamu ya mchana mpaka king'ora. Nisipopewa, sitoki. Mtuzike wawili.”

Hakuna aliyecheka. Laurenti aliinama, akachuchumaa ukingoni mpaka nyuso zao zikakaribiana.

“Mdoe. Huo ni utani, au ni kazi ya Mzungu?”

Swali hilo lingejibiwa kwa mzaha, na mzaha ungemfaa. Lakini alikuwa amesimama mahali pa Matayo.

“Ni vyote viwili, mtani. Makosa ni yangu. Niliwapanga kama mtu asiyejua kufa. Mashine isipolia saa nane, sina kazi wala nyumba. Nimejaribu kwingine kote. Leo nusura nimtoe mtoto wa watu mkono. Ndiyo nimeingia humu.”

Mtu mmoja nyuma alisema, “Hii si haki, maiti iko juani.” Mwingine akasema, “Mtani hapingwi.” “Anapingwa akivuka mpaka!” Wazigua walianza kusogea upande mmoja, Wanyamwezi upande mwingine, na kwa mara ya kwanza siku ile maneno hayakuwa na kicheko ndani yake.

Grasiana alikuwa amekaa chini, kajifunika kaniki, hajasema neno tangu asubuhi. Akainua kichwa.

“Mpeni,” alisema.

“Shemeji—” Laurenti alianza.

“Mpeni. Mume wangu alimbeba huyu mgongoni mpaka zahanati. Mnataka amtue leo?” Kisha akamgeukia Mdoe aliyekuwa shimoni. “Lakini sikia, mtani. Wewe umedai wako. Na mimi nitadai wangu jioni.”

“Nitakuja, mtani.”

Laurenti alimpa mkono, akamvuta nje.

King'ora cha saa nane kilipolia, Bwana Filimbi alikuja akiifuata reli, filimbi mdomoni. Mashine ilinguruma kabla hajafika. Mezani walisimama Wanyamwezi wanane wenye udongo mwekundu miguuni, Laurenti mahali pa mlishaji, mahali pa kaka yake, viganja vyake vipana vikiyakabidhi majani bila haraka. Walikuwa wanaimba wimbo wa msiba, na mwendo wa wimbo ule ulikuwa sawasawa na mwendo wa minyororo.

Meneja alitazama kwa muda. “Hawa Wanyamwezi. Mchana iko Wazigua.”

“Leo ni watu tu, Bwana. Na kesho pia. Nachanganya.”

Filimbi ilipanda mpaka mdomoni, ikashuka. Mgiriki aliyaangalia matroli yaliyoanza kusogea, akageuka akaenda zake. Ndiyo wala hapana hakusema, na Mdoe aliichukua hiyo kuwa ndiyo.

Jioni alipokwenda kwa Grasiana, ua ulikuwa umefagiliwa, moto umewaka, Mntambo na wenzake wanapakua ugali. Mjane alikuwa amekaa mlangoni. Pembeni yake palitandikwa mkeka mtupu, mrefu.

“Shikamoo, mama.”

“Hapa hakuna shikamoo, mimi ni mtani wako. Huo mkeka ni wa watu wanane ulionichukulia. Walipaswa kukaa hapa wamlilie mume wangu. Sasa kaa wewe. Ulie kwa watu wanane.”

Wazigua walipiga vigelegele. “Mnyapara kapigwa faini!” Mntambo alipaza sauti. “Lia, Mdoe, tukuhesabu!”

Mdoe alikaa. Alinyoosha mguu. Alitaka kujibu jambo la kuchekesha, na akilini alikuwa nalo tayari, lile la mzigo wa maana. Alipolifungua mdomoni likatoka kilio. Siku nzima alikuwa ametafuta watu, na katika watu wote hao alikuwa hajamtafuta Matayo. Alilia mpaka Mntambo akaacha mwiko, akaja kukaa karibu naye, kanga ya mkewe bado kiunoni.

Kulipopambazuka kambi ilikuwa kimya. Hakuna aliyepita na fimbo. Laurenti aliamka mwenyewe, akangoja kugongewa, asigongewe, akatoka. Akaifuata njia mpaka kwenye ua wa shemeji yake, akamkuta mnyapara amelala kwenye mkeka wa watu wanane, mdomo wazi. Fimbo aliyoiacha ukingoni mwa kaburi, Laurenti alikuwa ameiokota jana. Akagonga nayo kizingiti.

“Mwenye nyumba! Korona inakuulizia hali.”

Mdoe alifumbua macho.

“Iambie sijambo,” alisema. Kisha akakumbuka. “Naumwa.”

“Chagua moja,” alisema Laurenti, akampa mkono.